Raha Nayo ni Haja

Mtaani kwetu, Dar es Salaam, kuna kiwanja cha wazi kilichonusurika kuuzwa, na miezi michache iliyopita wakazi tuliitwa kujadili namna kitakavyotengenezwa. Mchoro ulikuwa umebandikwa ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: bembea, viti vya zege, uwanja mdogo wa mpira, kibanda cha vinywaji, miti ya kivuli. Mama mmoja alisimama nyuma, mgongoni amembeba mwanawe mwenye mtindio wa ubongo, mtoto wa kiume ambaye kwa ukubwa wake alishapita umri wa kubebwa. Akauliza huyu wake atachezea wapi, maana anaona ngazi pale langoni na kokoto kiwanja kizima. Mzee mmoja akamjibu, tena kwa upole: "Mwanangu, huyu tumwangalie matibabu kwanza. Kucheza kutafuata." Wengi wakatikisa vichwa kukubali.

Waliokubali ni watu wema. Ndio wanaochanga jirani akilazwa, ndio wanaokesha msibani. Kwa sababu hiyo jibu lile lilinikaa kifuani. Nimelisikia tangu utotoni likisemwa juu ya dada yangu, na waliolisema walikuwa wakimpenda.

Tulikulia Ngamiani, Tanga. Dada aliugua polio kabla hajatimiza miaka miwili. Mguu wa kulia ukanyauka, wa kushoto ukabaki na nguvu kidogo ya kumsimamisha juu ya magongo. Hakukosa chakula wala mapenzi. Bibi alimkanda kwa mafuta ya nazi kila jioni huku akimsomea dua. Baba alimzungusha hospitali mpaka daktari akamwambia sasa apumzike. Shule alipelekwa kwenye keria ya baiskeli, mvua na jua. Kwa wazazi wetu wajibu ulikuwa umetimia: mtoto ale, atibiwe, asome. Sikukuu haikuwamo.

Siku ya Idi sisi wengine tulikwenda Tangamano kupanda bembea na kula barafu za rangi mpaka ndimi zikageuka nyekundu. Dada alivishwa nguo mpya kama sisi, akatiwa hina na wanja, akakalishwa barazani kupokea wageni. Jioni tulimletea ubuyu na kashata. Alivipokea, akashukuru, kisha akaanza kutuhoji: bembea kubwa alikuwa akiisukuma nani, nani alilia, nani aligombana na nani, yule binti wa mtaa wa pili alivaa nini. Alihoji mpaka tukachoka kujibu, na ubuyu ulibaki kwenye karatasi bila kuguswa. Sikukuu haifungwi kwenye karatasi ukamletea mtu nyumbani. Raha yake iko kwenye msongamano wenyewe, kusukumwa, kupotezana na wenzako na kuonana tena, kumkuta mtu usiyemjua amevaa kitambaa kilekile ulichovaa wewe.

Kilichokuja kumtoa Dada barazani ni taarab. Tanga ya utoto wetu ilikuwa mji wa taarab. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilikuwa vya kwetu, na sauti ya mwimbaji Bi Shakila ikisikika redioni watu walipunguza maneno. Dada alizijua nyimbo zile ubeti kwa ubeti. Basi jirani yetu mmoja akaoza binti yake, ikapigwa taarab uani, na shangazi akakataa katakata kusikia kwamba Dada atasikilizia dirishani. Alimfunga kanga mpya, akampakia kwenye baiskeli ya kuazima, mimi nikatangulia na magongo.

Aliyewahi kukaa kwenye taarab ya wanawake anajua kwamba kusikiliza ni nusu tu ya mambo. Ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda mbele kwa madaha, noti imebanwa kati ya vidole, unamtunza mwimbaji. Hapo umeshasema la moyoni bila kufungua kinywa: umejibu kijembe, umetangaza penzi, au umewaonyesha waliokusema kwamba upo na unapendeza. Dada alikuja na noti yake, ameikunja kiganjani tangu nyumbani. Ulipofika ubeti alioungoja, mwanamke aliyekaa karibu akamnyooshea mkono, "Nipe nikupelekee." Akakataa. Shangazi akainama ambebe. Akakataa pia, safari hii machozi yakimlenga.

Mwimbaji alikuwa ameona. Aliurudia ubeti, akashuka na kipaza sauti mkononi, waya ukiburutwa juu ya mikeka na wanawake wakiupisha chini ya miguu yao, akaja mpaka alipokaa Dada, akapiga magoti huku anaimba. Dada aliikunjua noti, akainyoosha pajani, akambandika kwenye paji la uso taratibu, kidole kikiwa kimeishikilia ili isidondoke. Uwanja mzima ukalipuka vigelegele.

Nimelifikiria tukio lile miaka mingi. Noti ile ingepelekwa na mkono wa mtu mwingine, mwimbaji angepata fedha ileile, lakini Dada angekuwa hakutunza. Kila starehe ina tendo lake ambalo mtu hana budi alifanye mwenyewe, na ukimfanyia kwa huruma umemnyang'anya. Mwimbaji alilielewa hilo papo hapo, bila semina. Alipunguza umbali, tendo akamwachia mwenyewe.

Baadaye nilisomea ualimu, nikapangiwa shule ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi viziwi. Darasani mambo yalikuwa na utaratibu: walimu wao walijua lugha ya alama, na wengine tulijifunza kidogokidogo. Wakati wa mapumziko ndipo mpasuko ulipoonekana. Watoto wanaosikia walikuwa uwanjani, viziwi walikuwa chini ya mwembe. Kulikuwa na kijana mmoja wa kitengo mwenye mguu wa kushoto hatari kabisa, na wenzake walimwingiza timu ya darasa. Siku moja refa alipuliza filimbi ya kuotea, wote wakasimama, yeye akaendelea, akafunga, akakimbia kushangilia. Walimcheka. Kwa wiki nzima hakugusa mpira.

Mwalimu mwenzangu wa kitengo hakuitisha kikao. Alichana shuka jekundu la zamani, akampa refa kipande: kila anapopuliza, apunge kitambaa juu, na filimbi isiyo na kitambaa isihesabiwe. Shauri likaishia hapo. Watoto wanaosikia nao ikawabidi wajifunze kutazama. Muhula haujaisha, wachezaji wetu wote walikuwa wakipangana kwa vidole, na kwenye michezo ya UMITASHUMTA shule nyingine zikalalamika kwamba hawa wanaficha mipango yao. Wasichana viziwi nao wakaingia kwenye rede, na mmoja wao alikwepa mpira mpaka akawa wa kutafutwa na kila upande. Hakuna mtoto yeyote aliyepunguziwa mchezo ili mwingine aongezewe.

Katika shule hiyohiyo alikuwapo mwalimu mwenye ualbino, mshabiki wa mpira kuliko sisi wote. Tukienda uwanjani pamoja, sisi tulikata tiketi za mzunguko. Yeye alilipia jukwaa kuu, bei mara kadhaa ya yetu, kwa kuwa katika viwanja vingi vya mikoani paa liko upande huo peke yake na jua la saa tisa lingemchoma ngozi mpaka vidonda. Watu walidhani anajitenga, tena ana fedha. Mshahara wake ulikuwa sawa na wangu. Halafu yakaja yale mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi mwishoni mwa miaka ya 2000, na mwenzetu akaacha kuzikalia mpaka mwisho mechi zinazomalizika magharibi. Alikuwa akiondoka dakika ya sabini ili awahi nyumbani kabla ya giza, na matokeo akayasikiliza redioni.

Kwake nilijifunza kwamba starehe ileile haiuzwi bei moja kwa watu wote. Mwingine analipia kivuli. Mwingine analipia nauli ya mtu wa kumsukuma. Kipofu anayetaka kwenda kwenye tamasha anakata tiketi mbili, yake na ya kijana anayemshika mkono. Mama wa yule mtoto wa mtaani kwetu anaacha biashara yake siku nzima. Na kwa kuwa wengi wa watu hawa ndio wenye kipato kidogo, kinachokatwa kwanza ni raha, na jamii inaona sawa kwa sababu hakuna aliyekufa kwa kukosa raha.

Jamii huwa inakumbuka mara moja kwa mwaka. Niliwahi kumsindikiza Dada kwenye hafla moja ya wenye ulemavu, sitaitaja ni ya nani. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, bendi ya kukodi na wageni waliochelewa. Tulikaa saa nyingi tukisikiliza hotuba. Bendi ilipoanza kupiga, waliocheza ni wageni na waandaaji, kwa kuwa nafasi ya kuchezea iliachwa mbele ya meza kuu na katikati kulikuwa na nyaya na viti vilivyobanana. Mwisho kila mmoja akapewa mche wa sabuni na kilo ya sukari, akapigwa picha. Njiani Dada aliniambia, "Mdogo wangu, sabuni nanunua." Alikuwa fundi cherehani, anajilisha mwenyewe. Alikuja akiwa na hamu ya muziki.

Alihamia Dar na cherehani yake, akapata baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Kwa miaka mingi mji wake ulikuwa mtaa mmoja. Daladala haikusimama ikimwona, na iliposimama kondakta alidai nauli ya mtu na nauli ya mzigo. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni, jambo lililombadilishia maisha ni sakafu ya basi kuwa sawasawa na sakafu ya kituo. Unasukuma tu, umeingia. Wengine walisifu mwendo wa mabasi. Yeye alianza kujua Dar. Kariakoo alikuwa akiagiza vitambaa, sasa akaenda kuchagua mwenyewe, na alikuwa akikawia kurudi kwa sababu ya kuzurura tu. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, maana sikuwahi kumwona dada yangu akizurura.

Kutoka Kivukoni, pantoni haiko mbali. Jumapili moja alisema anataka kuingia baharini. Mtu aliyezaliwa Tanga, mji wa bahari, alikuwa hajawahi kulowa maji ya chumvi zaidi ya viganja. Tulivuka kwenda Kigamboni; baiskeli ilipanda pantoni kwa mteremko uleule wa magari, ikakaa katikati ya pikipiki na mikokoteni ya ndizi. Tatizo lilikuja ufukweni. Gurudumu la mbele lilizama kwenye mchanga mkavu mpaka kwenye ekseli.

Vijana wanaokodisha tyubu za kuogelea walitutazama. Mmoja akaondoka, akarudi na mbao mbili za ujenzi begani. Akazilaza moja mbele ya nyingine. Baiskeli ikipita ya kwanza, anaiinua na kuipeleka mbele. Hivyo mpaka mchanga wa maji, ambao ni mgumu na unabeba. Wakamweka Dada ndani ya tyubu ya tairi la lori, nguo zake zote mwilini, mtandio kichwani, wakaingia naye maji ya kifua. Alishika mpira kwa mikono miwili, kucha zimekuwa nyeupe kwa kubana. Wimbi dogo likamwinua, likamshusha. Akaangalia miguu yake ikielea chini ya maji, ule ulionyauka na ule mwingine, yote miwili ikienda inakotaka. "Niacheni," akasema, "msinishike." Wakamwachia, wakabaki karibu. Alikaa humo mpaka vidole vikajikunja.

Tulipotoka, zile mbao zilikuwa bado zimelala pale. Bibi mmoja mwenye fimbo alikuwa akizipita, mjukuu nyuma yake. Baadaye akapita mama lishe na ndoo kichwani. Vijana wakaamua zibaki. Kila nikisikia hoja kwamba kuwajali wenye ulemavu kunatia gharama kubwa kwa ajili ya watu wachache, huwa nakumbuka mbao zile na waliozitumia. Tena hao wanaoitwa wachache, Sensa ya 2022 ilikuta ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea.

Mwishoni mwa 2021 Dar es Salaam ilipokea mashindano ya Afrika ya soka la watu waliokatwa viungo. Nilikwenda na Dada kuwaona Tembo Warriors, timu yetu ya taifa. Mchezo huu una wachezaji saba kila upande. Wa ndani wana mguu mmoja na magongo mawili, kipa ana mkono mmoja, na ukigusa mpira kwa gongo makusudi ni sawa na kuunawa. Mwanzoni jukwaa lilikuwa na ukimya wa watu wanaohurumia. Waliokaa nyuma yetu walikuwa wakisema "masikini", "jamani Mungu". Kisha mchezaji wetu mmoja akajitupa hewani, uzito wote juu ya magongo, akapiga mpira kwa mguu wake mmoja ukagonga mwamba. Tangu hapo hakuna aliyesema masikini. Refa akanyima faulo, na wale wale wa nyuma yetu wakasimama kumzomea, wakamwambia beki aache uvivu, wakabishana juu ya kipa gani bora. Dada alikuwa akicheka. Aliniambia kwamba hicho ndicho alichotamani kukiona, mtu mwenye gongo akilaumiwa kwa kukosa goli. Mwaka uliofuata timu hiyo ilikwenda Kombe la Dunia Istanbul na kufika robo fainali.

Hata hivyo kila tunapotoka, kuna jambo Dada hulifanya ambalo wengi hawalioni: hanywi maji tangu asubuhi. Hana hakika kama huko anakokwenda mlango wa choo utapitisha baiskeli yake. Wanawake wenzake wa cherehani wenye hali kama yake wanafanya hivyohivyo, kwenye harusi, kwenye mechi, kwenye ibada za sikukuu. Mtu anakaa juani akiwa na kiu kwa hiari yake, ili awe miongoni mwa wenzake.

Nchi yetu haina upungufu wa maandishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una ibara nzima, ya 30, juu ya utamaduni, burudani, mapumziko na michezo. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni jambo jema, Dada mwenyewe ana shoga zake walioinuka nayo. Lakini ukiyatazama yote tunayoyatekeleza kwa bidii, yanamtazama mtu huyu akiwa mgonjwa, mwanafunzi au mjasiriamali. Akishatibiwa, akasoma, akafungua duka, Jumapili jioni anakwenda wapi? Mzee wa mtaa wetu alisema kucheza kutafuata. Dada ana mvi sasa, na katika maisha yake hakuna siku iliyofika ambapo mtu alitangaza kwamba mahitaji ya lazima yamekwisha, sasa zamu ya raha. Aliyopata, aliyapata kwa kukataa kungoja.

Mchoro wa kiwanja chetu bado haujapitishwa, na nimeandika barua kwa uongozi wa mtaa kuomba ngazi za langoni ziwe mteremko, kokoto zibadilishwe kwa udongo ulioshindiliwa, na bembea moja iwe ya kiti chenye mgongo na mkanda. Hizo ni gharama za saruji kidogo na fundi wa kuchomelea, ikiwa zitaamuliwa wakati huu wa karatasi. Zikija kuamuliwa baada ya ufunguzi itabidi kubomoa. Nawaomba hivyohivyo wanaojenga na kukarabati viwanja kwa ajili ya Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, ambazo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuziandaa kwa pamoja: waiteni watu wenye ulemavu leo, wapite na viti vyao kutoka kituo cha basi mpaka kwenye kiti cha kutazamia, na kutoka hapo mpaka chooni, kabla mkandarasi hajakabidhi kazi. Wapeni nafasi katikati ya mashabiki wa timu zao, pamoja na waliokuja nao, wala msiwatengee kona ya pembeni.

Na wewe msomaji, huenda nyumbani kwenu yupo mtu ambaye kila sikukuu mnamletea sahani. Sikukuu ijayo muulize anataka kwenda wapi, umpe nauli, na umwache achague atakayekwenda naye, hata kama hatakuchagua wewe.